Pindo la Vidole Vinne

Anayetaka kusadiki na asadiki. Asiyetaka, angalau asinikatize, maana nikikatizwa huanza upya, na nikianza upya huongeza chumvi.

Huko Usangi, katika milima ya Upare, palikuwa na bibi mmoja fundi cherehani, jina lake Namkunda. Kwa miaka arobaini na mitatu alishona sare za shule, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyetoka kwake na nguo isiyo na pindo la vidole vinne. Wazazi wenye haraka walimlalamikia kwamba anapoteza kitambaa. Bibi Namkunda alitoa pini mdomoni, akawaambia, "Mtoto anashonewa pale alipo. Anakokwenda kunakunjwa kwa ndani." Kisha akarudisha pini mdomoni, na mjadala ukawa umekwisha.

Mjukuu wake, Nakiete, alikuwa na miaka kumi na miwili na akili ya kutisha. Aliuliza maswali mpaka kuku wakahama uani. Kwa nini ukungu hauingii ndani ya chupa? Nani alikuwa wa kwanza kuona kwamba magimbi yanalika, na kabla yake wangapi walikufa wakijaribu? Akifikiri sana, ncha ya ulimi ilichungulia pembeni mwa mdomo, kama mjusi anayetazama kama mvua imekatika.

Likizo ndefu ilipokaribia, barua ikaja kutoka nchi ya Mbelembele. Nakiete alikuwa amechaguliwa kujiunga na Kambi ya Likizo ya Watoto Wenye Vipawa, wiki sita za masomo ya ziada. Baba yake, Eliamani, alitia sahihi kabla ya kumaliza kusoma, kisha akaituma picha ya barua hiyo kwenye kila kundi la simu alilokuwamo, hata lile la wafugaji wa nyuki.

Bibi alimshonea mtoto gauni la buluu, pindo vidole vinne. "Mke mwenza," alimwambia siku ya kuagana, maana ndivyo walivyotaniana, "nenda kasome. Ila usirudi na akili ya kuninyang'anya mume."

"Mume wako hana meno, bibi. Baki naye."

Wiki nne zikapita kimya. Ya tano ikaja barua, na Bibi Namkunda akavaa miwani.

"YAH: PINDO LA GAUNI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kukutaarifu kuwa pindo la gauni ulilonishonea limekwisha. Hakuna hatua inayohitajika kwa upande wako. Wako katika utekelezaji, Nakiete E. Mmbaga."

Bibi aliisoma mara mbili. Hakushtushwa na lugha, maana alishawahi kupokea barua za halmashauri. Kilichomshtua ni hesabu. Kwa mtoto wa Kipare, vidole vinne ni miaka minne, mtoto akila vizuri. Hawa wamevimaliza kwa wiki nne? Akafunika cherehani, akachukua futi yake ya fundi, akajaza makande kwenye hotipoti, akaondoka.

Njia aliyopita siitaji. Wapo wazazi wangeifuata.

Jambo la kwanza alilogundua Mbelembele ni ukimya. Hapakuwa na kelele ya mtoto mahali popote, wala kilio, wala kicheko, wala mlio wa tairi linalosukumwa kwa kijiti. Jogoo waliwika alasiri ili asubuhi isiwakute hawajajiandaa. Sokoni ndizi zote zilikuwa mbichi. Mbivu ilihesabiwa kuwa imechelewa. Watu hawakuulizana hali. Mmoja alisema, "Umemaliza?" na mwenziwe akajibu, "Zamani." Hata matanga waliyafanya mapema, marehemu mwenyewe akiwa bado ana uwezo wa kusahihisha risala yake. Bibi alipita kwenye matanga kama hayo. Marehemu alikuwa ameketi mstari wa mbele na kalamu nyekundu, akitikisa kichwa.

Ipo pia sheria moja huko, nayo imeandikwa juu ya kila mlango: ni kosa mtu kusema hajui. Bibi alijifunza sheria hiyo kwa miguu. Alimwuliza mwuza ndizi kambi iko wapi, akaelekezwa mashariki bila kusita. Wa pili akamwonyesha magharibi, tena akamchorea ramani. Wa tatu, aliyekuwa amevaa tai, alimrudisha alikotoka. Alipita mbele ya posta ileile mara tatu, kila mara kwa maelekezo ya uhakika. Mwishowe akaacha kuuliza, akafuata upande uliokuwa kimya zaidi.

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, alipofika langoni. Mzee mmoja alikuwa akimsubiri, nywele nyeupe kama pamba, mgongo umepinda, mkono unatetemeka juu ya fimbo. Alijitambulisha kuwa Bwana Awali, Mkuu wa Kambi.

Bibi Namkunda alikuwa na miaka sitini na tisa, na heshima zake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu. Tulikutarajia juzi."

"Umekula chumvi, baba yangu. Una miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja."

Bibi alimtazama toka utosini mpaka miguuni. "Basi nirudishie shikamoo yangu."

Midomo ya Mkuu ilicheza. "Shikamoo, bibi," alisema, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, sauti ya kijana aliyekutwa jikoni na mfuniko mkononi. Akakohoa mpaka ile ya uzee ikarudi.

Akaanza kumtembeza, akieleza utaratibu kama msoma taarifa ya habari. Watoto wa kawaida, alisema, husoma mwaka mmoja kwa mwaka mmoja, na hiyo ni hasara kubwa. Hapa kila wiki ni mwaka. Mwenye kipawa haachwi asubiri umri wake, anapelekewa. Wiki tano, miaka mitano.

"Na ya sita?"

"Ya sita ndiyo fahari yetu. Ijumaa ya sita, saa sita kamili mchana, kengele inalia na mtoto anamalizia yaliyobaki."

"Yaliyobaki ya nini?"

"Yote," alisema Bwana Awali. "Mimi nilifuzu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Tangu hapo sidaiwi chochote na maisha. Huwa nakaa tu."

Bibi akahesabu kimoyomoyo, kisha akahesabu tena. Ijumaa ya sita ilikuwa leo.

"Nimekuja kumchukua mjukuu wangu," alisema.

"Baba yake ametia sahihi, na mwenyewe hataki kutoka. Hatumfukuzi mtoto, bibi, isipokuwa kwa kosa moja: mtoto akikiri mbele yetu kwamba kuna jambo halijui, anaondolewa saa hiyohiyo. Hatuna mahali pa kumweka. Lakini jambo hilo halijawahi kutokea."

Bibi alilikunja neno hilo akaliweka ndani, kama anavyokunja pindo.

Walipita barazani, ambako Baraza la Vipawa lilikuwa likijadili umri wa kuwachagua watoto. Kundi moja lilitaka wachaguliwe wakiwa na miaka sita. Kundi la pili lilitaka wapimwe wakiwa tumboni, kwa kusikiliza kama moyo unapiga kwa mpangilio. Mjumbe mmoja akasimama ili apendekeze wazazi wafanyiwe mtihani kabla ya kuoana. Azimio lake lilipitishwa kwa kauli moja kabla hajalitamka, naye akaketi akiwa ameridhika.

Darasani, somo la asubuhi lilikuwa Kujuta. "Wengi hujuta wakiwa wamechelewa," mwalimu alikuwa akisema, na watoto thelathini na tisa, Nakiete hakuwamo, waliinama wakiandika majuto yao ya baadaye kwa mwandiko safi. Msichana mmoja alinyoosha mkono, akauliza kama inaruhusiwa kujuta kwa ufupi.

Nyuma ya darasa palikuwa na uwanja wa bembea. Juu ya kila bembea ameketi mzee, mikono kwenye minyororo, miguu chini, macho mbele. Walikuwa kama hamsini. Mbele yao mwalimu mwenye fimbo alionyesha ubaoni mchoro wa bembea wenye mishale.

"Hawa ni waliofuzu miaka ya nyuma," alisema Bwana Awali. "Wanasoma Kozi ya Kucheza. Miaka minne. Bado hatujapata wa kwanza kufaulu."

"Si mtu awasukume tu?"

"Kusukumana ni mada ya mwaka wa tatu."

Upepo ukavuma. Majani ya mikaratusi yakatikisika, karatasi ikapeperuka kutoka mezani. Bembea hazikutikisika, hata moja.

Nakiete aliletwa saa nne na nusu. Alikuwa amempita bibi yake kwa kichwa. Lile gauni la buluu liliishia chini kidogo ya goti, na juu ya ukingo wake, vidole vinne kamili, ulionekana mstari uliokoza, mahali pindo lilipokuwa limekunjwa. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na unywele mmoja mweupe.

"Mke mwenza!" Bibi aliita. "Umekuwa mlingoti! Sasa nimekwisha, utanichukulia yule babu mchana kweupe."

"Shikamoo, bibi. Mzaha huo tuliumaliza wiki ya kwanza."

"Nimekuletea makande."

"Njaa tuliimaliza wiki ya pili."

Bibi akatoa futi yake shingoni, akampima: bega, kiuno, urefu. Nakiete alisimama kama nguzo. Zamani alikuwa hapimiki kwa kucheka, maana futi ilimtekenya kwapani.

"Twende nyumbani, mama."

"Nimebakiza saa moja na nusu, bibi. Mimi ndiye wa kwanza kati ya arobaini. Nitafuzu kwa heshima." Alisema hivyo kwa upole, kama ofisa anayemweleza mteja kwamba dirisha limefungwa.

"Ukishafuzu utafanya nini?"

"Nitakaa tu."

Saa sita kasorobo walipangwa uwanjani, mistari minne ya watoto kumi. Jua lilikuwa karibu utosini, na vivuli vilikuwa vikijikunyata kuelekea miguuni. Mzee mmoja alisimama kwenye kengele, kamba mkononi, na kando yake karani mwenye kalamu na daftari la waliofuzu. Kwa utaratibu wa kambi, mgeni aliruhusiwa neno moja la kuaga. Wageni wengine hawakuwapo. Walikuwa wametuma pongezi zao mwezi uliopita.

Bibi Namkunda akasogea mbele ya mjukuu wake. Hakulia. Akashika kiuno, akatega.

"Kitendawili!"

Nakiete alipepesa macho. Neno lilimtoka lenyewe, kabla hajalikagua: "Tega."

"Mgeni wangu kila siku yuko njiani, hajawahi kufika."

"Mvua," alisema Nakiete papo hapo.

"Mvua hufika, tena huja na matope yake."

"Upepo."

"Hufika, na kofia huondoka nao."

"Uzee!" alisema Bwana Awali, ambaye hakuwa ameulizwa.

"Huo umeshafika kwako, mwanangu, na mizigo yake yote."

Mtoto mmoja mstari wa nyuma akasema taratibu, "Kifo."

Bibi alimgeukia. "Huyo naye hufika," alisema. "Huja safari moja tu, lakini hufika."

Wakaendelea kurusha majibu, wote, walimu na watoto na yule wa kengele, kila mmoja kwa uhakika: njia, moshi, posho, mwangwi, kiangazi. Bibi aliyakataa moja baada ya jingine, kama achambuaye maharage. Vivuli vilikuwa vimebaki upana wa kiganja.

Nakiete alikuwa amenyamaza. Pembeni mwa mdomo wake, taratibu sana, ncha ya ulimi ikachungulia.

Bibi aliuona. Yumo, alijiambia. Mtoto bado yumo humo ndani.

"Bibi," Nakiete alinong'ona, "niambie."

"Desturi unaijua. Nipe mji."

Kumpa mtegaji mji, kama wanavyojua wote waliokulia palipo na moto na bibi, ni kukiri kwamba umeshindwa. Unampa mji auchukue, na yeye anakupa jibu. Mbelembele nao walikuwa wanalijua hilo, ndiyo maana vitendawili vilikuwa vimepigwa marufuku tangu enzi.

"Nakiete, usimpe!" Bwana Awali alikuja mbio, fimbo ikipiga mawe. "Sema lolote! Hapa hatujali jibu, tunajali kujibu. Bado dakika mbili. Utakuwa umemaliza, mtoto wangu, utakuwa umemaliza kila kitu!"

"Ninong'oneze," Nakiete alimwambia bibi, na mkono wake ulikuwa umeshika ukosi wa bibi kama alivyokuwa akiushika akiwa na miaka minne.

"Nipe mji, mke mwenza. Mimi sishoni bure."

Nakiete alitazama kengele. Akaitazama mistari, na zile bembea za nyuma zilizokuwa kimya. Akamtazama Mkuu, na uso wake mwenyewe mrefu ukakunjamana kama wa mtoto aliyenyimwa.

"Lakini nataka kujua," alisema. Na akasema kwa nguvu, wote wakasikia: "Nimeshindwa, bibi. Nakupa mji. Nakupa Usangi!"

Kalamu ya karani ilianguka. Hakuna aliyeiokota. Bwana Awali alifungua kinywa ili atangaze adhabu, na sheria ni sheria: akanyoosha fimbo kuelekea langoni.

Bibi Namkunda hakungoja afukuzwe mara mbili. Alimshika mtoto mkono, wakatoka. Walikuwa wamefika kwenye nguzo za lango kengele ilipolia saa sita. Nyuma yao wakasikia watu thelathini na tisa wakikohoa kwa pamoja, kikohozi kikavu, cha wazee.

"Usigeuke," alisema bibi.

Hatua chache mbele, fimbo ikasikika ikiwafuata. Alikuwa Bwana Awali, peke yake, pumzi zikimkatika.

"Bibi. Huyo mgeni. Ni nani?"

"Nipe mji, mwanangu."

Alitazama kulia na kushoto kuhakikisha hakuna mjumbe wa Baraza anayemsikia. "Nakupa..." alisema. "Nakupa..." Akaweka mkono kwenye paji la uso. "Nakupa..." Bibi alisubiri. Lakini yule kijana wa miaka ishirini na mmoja hakuwa na mji. Alikuwa ametoka mahali fulani, bila shaka, palipokuwa na watu na majina, ila hilo nalo alikuwa amelimaliza. Walimwacha amesimama barabarani, kivuli chake chote kimo chini ya viatu.

Njiani Nakiete hakutulia. "Haya, nimekupa mji. Mgeni ni nani?"

"Mji umenipa, lakini sijafika. Wewe ulishaona wapi mtu anakula mji akiwa njiani?"

Wakatembea. Ndege akalia kichakani. "Yule ni ndege gani?" bibi aliuliza, kana kwamba hana habari.

Nakiete alifungua kinywa na jibu tayari, akalifunga tena. Lilikuwa neno gumu, lilimkwama kama mfupa wa samaki. "Sijui," alisema. Na bibi, ambaye jicho lake halijawahi kukosea nguo, aliliona lile gauni likishuka upana wa kidole kimoja.

Alimwuliza jina la mto, kisha sababu ya mawe kuwa mekundu. Mtoto alisema sijui, mara ya pili kwa aibu, mara ya tatu akicheka, halafu akaanza yeye kuuliza na hakunyamaza tena. Njaa ilimrudia ghafla, akamaliza hotipoti nzima ya makande barabarani, kwa mkono. Walipoanza kupanda mlima wa Usangi, ukingo wa gauni ulikuwa ukipangusa ndala zake.

Nyumbani bibi alimsimamisha juu ya kigoda, akaanza kukunja. Kimoja, viwili, vitatu. Alivuta kitambaa, akapima, akavuta tena. Kidole cha nne hakikurudi. Na juu ya sikio la kushoto ule unywele mweupe ulikuwa palepale.

Eliamani aliingia na simu mkononi. "Mama, watu wanauliza. Cheti kiko wapi?"

"Kipo kwenye pindo," alisema bibi, pini mdomoni. "Njoo upime."

Akamwelekeza futi iwekwe wapi. Eliamani akapima pale palipokuwa na vidole vinne na sasa ni vitatu, akamtazama mwanawe, akauona unywele. Aliketi kwenye benchi la wateja, akaitia simu mfukoni. Ilimlilia humo mpaka ikachoka.

"Bibi, mji umefika," alisema Nakiete juu ya kigoda. "Mgeni ni nani?"

"Nitakuambia kesho."

Kesho yake akauliza, akajibiwa vilevile. Siku ya tatu alikuwa uwanjani na wenzake wakicheza rede, mpira wa soksi umemlenga kifuani, alipoganda ghafla, ncha ya ulimi nje. Mpira ukampiga puani.

"Ni kesho!" alipiga kelele. "Bibi! Mgeni ni kesho! Kila siku yuko njiani!"

"Umetolewa!" walipiga kelele wenzake, wala hakujali.

Bibi Namkunda alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Tangu hapo huwashonea watoto pindo la vidole vitano.

Ila zipo siku, saa sita mchana, vivuli vikiwa vimejificha chini ya viatu vya watu, ambapo mtu husikika nje ya ua, pale kwenye migomba. Huoni mtu. Ni sauti tu, nyembamba, ya kijana, inayoanza neno na kuliacha. "Nakupa..." inasema. "Nakupa..."

Bibi hainui kichwa. Hutoa pini mdomoni, akaziweka juu ya meza.

"Chukua mji wa kwetu, mjukuu wangu," humwambia. "Sema Usangi."

Kisha husubiri, mguu juu ya kanyagio la cherehani, bila kulikanyaga.